Kwenye orodha moja na dawa za nywele: Massachusetts ilivyoamua kulipia dawa za kuacha sigara

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya bajeti iliyogusa, pamoja na mengine mengi, dawa zinazolipiwa na Medicaid. Medicaid ni bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, na gharama zake hubebwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Ndani ya sheria ile mlikuwa na orodha ya dawa ambazo jimbo liliruhusiwa kukataa kuzilipia. Zilikuwamo dawa za kupunguza uzito, za kutafuta uzazi, za kikohozi na mafua, za urembo na za kuotesha nywele. Katikati ya hizo ziliwekwa dawa za kumsaidia mtu kuacha sigara.

Naanza na orodha hiyo kwa sababu inaonyesha waziwazi mvutaji alivyochukuliwa wakati ule. Alihesabiwa kuwa mtu mwenye tabia mbaya, si mtu mwenye uraibu unaotibika. Akitaka kuacha, aache. Akishindwa, shauri yake. Siku akiletwa hospitali moyo umegoma, bima hiyohiyo italipia gari la wagonjwa, kitanda cha mahututi na upasuaji. Plasta ya nikotini iliyoweza kumzuia asifike huko ndiyo iliyokuwa anasa.

Kisa ninachokichambua ni cha Massachusetts, jimbo la kaskazini mashariki ambalo mji wake mkuu ni Boston. Nimelichagua kwa sababu pale sheria iliandikwa, ikatekelezwa, watu wakahesabiwa kabla na baada yake, na mahesabu yakachapishwa. Sheria nyingi za afya hupita bila mtu kurudi nyuma kuuliza zilifanya nini.

Massachusetts halikuwa jimbo geni katika vita na tumbaku. Mwaka 1992 wapiga kura wenyewe, kwenye sanduku la kura, waliongeza kodi ya sigara kwa senti 25 kwa pakiti, na fedha hizo zikaanzisha mpango wa jimbo wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 1995 mwanasheria mkuu wa jimbo, Scott Harshbarger, alizifungulia kesi kampuni za sigara. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: bidhaa yenu inawaletea watu wetu maradhi, na sisi kupitia Medicaid ndio tunaolipa hospitali, basi turudishieni fedha. Majimbo mengine yalikuwa kwenye njia hiyohiyo. Novemba 1998 kampuni zilikubali kuyalipa majimbo 46 takriban dola bilioni 206 katika miaka 25.

Hapa ndipo penye kichekesho kichungu. Jimbo lilipata fedha kwa kudai kwamba linabeba mzigo wa wavutaji walio kwenye Medicaid. Lakini MassHealth, ambalo ndilo jina la Medicaid ya Massachusetts, haikuwa na fao la jumla la kuwasaidia wavutaji hao kuacha. Tena mambo yalirudi nyuma: bajeti za majimbo zilipobana mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa kudhibiti tumbaku uliozaliwa na kura ya 1992 ulikatwa fedha zake kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka michache. Fedha za sigara ziliendelea kuingia, lakini zilikwenda kuziba matundu mengine.

Wakati huohuo, miongoni mwa watu wazima walio kwenye MassHealth, wanne kati ya kila kumi hivi walikuwa wakivuta. Hicho ni zaidi ya maradufu ya kiwango cha jimbo zima. Kampeni za miaka ya 1990 ziliwaachisha wengi, ila waliobaki wakivuta walizidi kuwa maskini, na kwa maskini takwimu ilikaa palepale mwaka hadi mwaka.

Sheria iliyobadilisha hali hiyo ilikuwa kubwa na yenye umaarufu kwa sababu nyingine kabisa. Ni ile ya mageuzi ya bima ya afya iliyomtaka kila mkazi wa jimbo awe na bima, ambayo baadaye ilikuja kuwa kielelezo cha sheria ya Barack Obama. Gavana Mitt Romney aliitia saini tarehe 12 Aprili 2006 katika ukumbi wa Faneuil Hall, Boston, Seneta Ted Kennedy akiwa jukwaani, chama tofauti na bado wote wanatabasamu. Romney alitumia kura ya turufu kukataa vifungu vinane, kikiwamo kile cha mafao ya meno kwa watu wazima na kile cha kuwatoza waajiri wasiochangia bima ya wafanyakazi wao dola 295 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi. Bunge la jimbo likampiku. Kifungu cha sigara, kilichojificha mle ndani, hakikuguswa na mtu.

Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi. Kiliitaka MassHealth ianzishe mpango wa majaribio wa miaka miwili wa kutibu uraibu wa tumbaku, kwa kushirikiana na idara ya afya ya umma ya jimbo. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Julai 2006, chini ya miezi mitatu tangu saini. Kwa wanaojua mwendo wa kanuni za serikali, hiyo ni kasi ya ajabu.

Kilichotolewa ni hiki. Mwanachama aliweza kupata dawa zote zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa ajili ya kuacha sigara: plasta, bigijii na pipi za nikotini, vidonge vya bupropioni, na vareniklini, ambayo ilikuwa imeidhinishwa Mei mwaka uleule, kana kwamba ilipangwa. Chache, kama ile ya kupuliza puani, zilihitaji kibali cha awali. Dozi za siku 90 zilikuwa mbili kwa mwaka, na juu yake ushauri nasaha hadi vikao 16, wa mtu mmojammoja au wa kikundi. Mgonjwa alichangia dola 1 au 3 kwenye dirisha la dawa.

Kuelewa kwa nini dola 3 ni habari kubwa, tumchukue mama mmoja, wa kufikirika, anayesafisha ofisi usiku huko Fall River, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa zamani. Anavuta pakiti kwa siku, na ya kwanza anaiwasha kabla hata chai haijachemka. Mtu kama huyo mwili wake umeizoea nikotini barabara. Kipimo kinachotumika ni hichohicho cha chai: anayewasha ndani ya dakika 30 tangu aamke hupewa bigijii ya miligramu 4, si 2. Plasta ataanza na ya miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Kila asubuhi anabandika mahali papya mwilini, vinginevyo ngozi inawasha. Akilala nayo anaweza kuota ndoto za ajabu. Bigijii nayo haitafunwi kama tunavyotafuna za kawaida. Anaitafuna polepole mpaka ulimi uanze kuchonyota, halafu anaibana kati ya shavu na ufizi, anasubiri, anaitafuna tena. Akiibugia kwa pupa atapata kichefuchefu na kiungulia, na kesho yake atasema dawa hii haifai.

Sasa hesabu ya mfukoni. Ukigawanya bei kwa siku, plasta haizidi sana bei ya sigara, na wachumi hupenda kusema hivyo. Lakini pakiti ya sigara inanunuliwa leo kwa fedha ya leo, na ukikwama unaomba moja kwa jirani. Boksi la plasta la wiki mbili linalipiwa lote kwa mkupuo, tena na mtu asiye na hakika kama litamfaa. Mwenye mshahara wa kuhesabu hawezi kuweka dola 40 au 50 kwenye bahati nasibu ya namna hiyo. Kulifanya liwe dola 3 ni kuondoa bahati nasibu. Na zile dozi mbili kwa mwaka zina maana yake pia, kwa sababu wavutaji wengi huacha na kurudia mara kadhaa kabla hawajaacha kabisa. Aliyeshindwa Machi anahitaji mlango uwe wazi Septemba.

Pamoja na hayo, fao halikuwa jambo geni Marekani. Majimbo kadhaa yalikuwa tayari yanalipia dawa hizi kupitia Medicaid kabla ya 2006, na matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo. Uchunguzi uliofanywa katika majimbo mawili yenye mafao mapana ulikuta wavutaji 36 tu kati ya kila 100 ndio waliojua kwamba bima yao inalipa chochote. Madaktari waliojua walikuwa 60 kati ya 100. Maana yake daktari wanne kati ya kumi hawakuwa na habari kwamba dawa wangeweza kuiandika na ikatoka.

Tofauti ya Massachusetts naiona hapa, na kwangu mimi ndiyo kiini cha kisa hiki. Idara ya afya ya umma haikungoja watu waulize. Ilitangaza fao kwenye vyombo vya habari, ikapeleka vipeperushi na mabango kwenye vituo vya afya, ikawaandikia madaktari na wanachama wenyewe. Kumbuka kwamba hao ni watu walewale ambao mpango wao ulikatwa fedha miaka mitatu minne nyuma. Ujuzi wa kuzungumza na wavutaji walikuwa nao tangu miaka ya 1990. Walichokosa ni kitu cha kuwapa. Safari hii tangazo halikusema "acha sigara, itakuua", jambo ambalo kila mvutaji analijua kuliko wewe. Lilimwambia kuna dawa, bima yako inalipa, nenda kamwambie daktari.

Kufikia mwisho wa 2008, yaani miaka miwili na nusu, wanachama 70,140 walikuwa wamelitumia fao hilo. Hao ni kama asilimia 37 ya wavutaji wote wa MassHealth. Ukilinganisha na majimbo ambako fao lipo na halijulikani, hii ni idadi ya kushangaza. Wengi mno walichukua dawa. Vikao vya ushauri, ambavyo wataalamu huvisifia, vilipata watu wachache. Sishangai: mtu mwenye kazi mbili na watoto atapata wapi saa ya kikao?

Kiwango cha uvutaji kwa wanachama wa umri wa miaka 18 hadi 64 kilishuka kutoka asilimia 38.3 kabla ya fao hadi 28.3 baada yake. Ukihesabu dhidi ya pale kilipoanzia, ni upungufu wa asilimia 26. Takwimu hizi zinatokana na mahojiano ya simu ya sampuli, si hesabu ya kichwa kwa kichwa, kwa hiyo zina ukingo: ya kwanza ingeweza kuwa popote kati ya 33.6 na 42.9, ya pili kati ya 24.0 na 32.7. Kingo hizo hazigusani. Ndiyo maana nasema kushuka kulikuwapo, hata kama ukubwa wake halisi hatuwezi kuushika kwa kidole.

Matokeo yaliyovuma magazetini yalikuwa mengine, yale ya moyo. Watafiti waliangalia rekodi za malipo za watu waliotumia dawa za fao na kulinganisha walivyolazwa hospitali kabla na baada. Kulazwa kwa mshtuko wa moyo kulipungua kwa kiwango cha asilimia 46 kwa mwaka, na kwa magonjwa mengine makali ya mishipa ya moyo asilimia 49. Ripoti hiyo ilitoka Desemba 2010.

Kwenye namba hizo naomba msomaji apunguze mwendo. Ukingo wa ile asilimia 46 ulianzia 2 na kuishia 70. Kwa lugha ya kawaida, data inakubaliana na mafanikio makubwa mno na pia inakubaliana na karibu hakuna. Pili, anayeamua kwenda kuomba dawa ya kuacha sigara huenda siku hiyohiyo ameamua kula vizuri na kunywa dawa zake za presha, na rekodi ya malipo haiwezi kukuambia hilo. Tatu, jimbo halikukaa kimya kwa upande mwingine: marufuku ya kuvuta sehemu za kazi ilikuwa imeanza Julai 2004, na tarehe 1 Julai 2008 kodi ya sigara ilipanda kwa dola nzima, kutoka 1.51 hadi 2.51 kwa pakiti. Mkono wa kila moja uko wapi katika kupungua huko?

Kinachonifanya nisiutupe utafiti huo ni jambo dogo ambalo wengi walilipita. Watafiti walitazama pia kulazwa kwa magonjwa ya kifua na makundi mengine saba ya maradhi, na huko hawakukuta upungufu wa maana. Kama wale waliotumia fao wangekuwa tu watu waliojitunza zaidi kwa jumla, tungetarajia kila kitu kishuke kidogo. Kushuka kwa moyo peke yake kunaendana na mwili unavyofanya kazi: damu huacha kuganda hovyo mapema baada ya sigara ya mwisho, wakati mapafu yaliyoharibika kwa miaka 20 hayaponi kwa mwaka mmoja. Na uvutaji wenyewe ulianza kushuka kabla ya kodi ya 2008, mara tu fao lilipofunguliwa.

Fedha nazo zilipigiwa hesabu, kwa kuwa mbunge haulizi kingine. Uchambuzi uliochapishwa 2012 ulikadiria kwamba kila mshiriki aligharimu dola 183, zikijumlisha dawa, ushauri na matangazo. Akiba kwenye kulazwa kwa magonjwa ya moyo ilikadiriwa kuwa dola 571 kwa mshiriki. Yaani kwa kila dola 1 iliyotoka, 3.12 hazikutumika hospitali. Tatizo ni kwamba hesabu hii imesimama juu ya ile asilimia 46 yenye ukingo mpana, kwa hiyo nyumba ya pili haiwezi kuwa imara kuliko msingi wa ya kwanza. Ila hata ukiipunguza nusu, fao bado linajilipa, na hapo ndipo ubishi wa kwamba "jimbo haliwezi kumudu" ulipofia.

Kuna jambo moja sheria hii haikuligusa. Plasta na bigijii zilikuwa zinauzwa Marekani bila cheti cha daktari tangu 1996, mtu yeyote mwenye fedha anaingia dukani na kutoka nayo. Mwanachama wa MassHealth, ili bima ilipe, alihitaji cheti kwa dawa ileile. Mwenye fedha anatumia dakika tano; maskini anangoja miadi, na hamu ya kuacha inaweza kuwa imeshamtoka kabla siku haijafika. Majimbo mengine yalikuja kulitafutia njia: California kwa sheria ya 2013 iliwaruhusu wafamasia wenyewe kutoa dawa za nikotini. Ningekuwa naandika kifungu cha Massachusetts upya, hapo ndipo ningeongeza sentensi moja.

Kwa wasomaji wa huku kwetu, ipo sababu ya kukifuatilia kisa hiki. Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, Tanzania 2007, na ibara yake ya 14 inazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha. Marekani yenyewe ilitia saini 2004 na mpaka leo haijauridhia. Dawa za nikotini zimo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu 2009. Nchi zetu mbili zote zilipitisha sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023, na vitabu vya mafao ndivyo vinavyoamua nani anapata nini. Orodha huandikwa na watu mezani, mstari mmoja unaingia, mwingine unatoka, na mara nyingi hakuna mvutaji aliyealikwa kwenye kikao.

Majaribio ya miaka miwili ya Massachusetts yalipokwisha, fao halikufutwa. Likawa sehemu ya kawaida ya MassHealth. Washington, kwenye serikali kuu, nako kulisogea. Sheria ya Obama ya 2010 iliyalazimisha majimbo yawalipie wajawazito walio kwenye Medicaid, kuanzia Oktoba mwaka huo. Kisha, kuanzia tarehe 1 Januari 2014, dawa za kuacha sigara ziliondolewa kwenye ile orodha ya 1990 ya dawa ambazo jimbo laweza kuzikataa.

Za kuotesha nywele bado zimo.